Tawi la Njia Panda ya Itumba

Zama zile misafara ya pembe za ndovu ilipokuwa ikikata nyika kutoka Unyamwezi kwenda pwani, aliyetembea mbele aliitwa kirangozi, na hakuna mpagazi aliyethubutu kumtangulia. Mihambo alikuwa kirangozi: joho jekundu, manyoya ya mbega kichwani, pembe nzito begani. Kila njia panda alikata tawi bichi akalilaza kwenye njia isiyofaa, ili walio nyuma wasipotee.

Safari ile walio nyuma walikuwa wagonjwa wa ndui. Walijikokota mbali na wenzao, wakifuata matawi tu. Kalunde, mke wa Mihambo, alikuwa mmoja wao.

Msafara ukafika Itumba, mji wenye boma la miti na kisima pekee katika nyika ile. Mtemi akapokea hongo, ushuru wa kupita, ya vitambaa vya kaniki, akawafungulia lango. Muda si muda wachungaji wakamletea habari: kuna watu wa ndui wanakuja.

"Wakifika langoni kwangu," mtemi akasema, "ninyi nyote mtatoka kwa mishale. Maji hamtayaona tena."

Mwinyi Shekue, tajiri wa msafara, akamvuta Mihambo kando. "Rudi ulihamishe tawi. Ziba njia ya huku, waende kushoto."

"Kushoto hakuna maji, bwana."

"Najua."

"Basi niwaendee, niwaambie wasimame."

"Wana kiu, Mihambo. Wewe ungesimama?"

Mihambo akawatazama wapagazi kisimani, wamelala kifudifudi, wanakunywa kama ng'ombe. Akaenda.

Alikuwa analiburuta tawi aliposikia mtu akikohoa. Kalunde alikuwa amewatangulia wenzake. Amesimama na fimbo, uso umejaa malengelenge.

"Kirangozi gani huyu anafagia njia?"

Kalunde akalitazama tawi, kisha moshi wa mji kule kulia.

"Wametukataa."

"Mkija tunafukuzwa sote. Kalunde, mimi..."

"Usinisogelee. Wenzako wamekunywa?"

"Wanakunywa."

Kalunde akalielekezea tawi fimbo. "Umelilaza vibaya. Mwenzetu Nzige ataliruka, unamjua alivyo mbishi. Livute huku. Na ufute nyayo zako."

Mihambo akafanya alivyoambiwa. Akaweka chini kibuyu chake cha maji, akarudi nyuma. Kalunde akapiga funda moja, kibuyu akakifunga kiunoni.

"Haya, nenda. Wakikuona watakufuata."

Hakuwa amefika mbali alipoisikia sauti ya Kalunde ikiita kutoka njia ya kushoto: "Huku! Njia ni huku!" Na wagonjwa wakaitikia, wengine kwa wimbo wa safari.

Pembe zilifika pwani zote, na Mwinyi Shekue akasifiwa barazani. Waliokwenda kushoto hakuna aliyewaulizia.

Mihambo alikuwa amevua manyoya palepale Itumba akampa mwingine, akashika mkia wa msafara. Kila njia panda kirangozi mpya alilaza tawi, na Mihambo, wa mwisho kupita, akaliinua na kulitupa porini. Nyuma yake hapakuwa na mtu.