Msimu wa Fundi Umeme

Ukitaka kumjua fundi wa makochi, itazame mikono yake. Mikono ya fundi huyu ilikuwa ya ajabu. Ilivuta kitambaa juu ya sponji, ikakikunja kwenye kona, ikapiga pini, na usingeona hata mkunjo mmoja. Ndiyo maana watu walimwita Umeme. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu.

Karakana yao ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye paa la bati. Mlangoni alikaa kaka yake mkubwa, akikata mbao na kupokea wateja. Katikati alifanya kazi Umeme. Nyuma, karibu na dirisha, mkewe alishona vitambaa vya makochi kwa cherehani. Asubuhi walifagia vumbi la mbao, wakanywa chai wakiwa wamesimama, wakataniana kidogo, kisha kila mtu akashika lake. Walikuwa wachapakazi wasiojua kusengenya mtu, na mimi ninawaheshimu mpaka leo.

Lakini Umeme hakuwa sawa siku zote. Kulikuwa na wakati alichelewa kuamka, halafu akashindwa kuamka kabisa. Alilala akitazama ukuta. Hakuoga, hakula, hakutaka kuona mtu. Majirani walisema umeme umekatika, wakacheka. Mkewe hakucheka. Ni yeye aliyemsikia mumewe akisema kwamba familia ingepumzika kama yeye asingekuwepo.

Baada ya wiki kadhaa giza hilo liliondoka, na mara nyingine likaja jambo tofauti kabisa. Umeme alilala kidogo sana, lakini akaamka na nguvu tele. Aliongea haraka mpaka mate yakamkauka. Alifanya kazi ya mafundi watatu. Alibuni makochi ambayo hakuna mtu mtaani aliyewahi kuyaona. Pale karakanani waliuita wakati huo "msimu".

Kaka mkubwa aliusubiri msimu kama mkulima anavyosubiri mvua. Alipokea kazi nyingi, akawaambia wateja wavute subira, msimu uko njiani. Ulipofika, mke alimpelekea mumewe chakula palepale kazini ili asimkatize. Hakumwambia apumzike. Waliamini wanamsaidia. Kosa lao lilikuwa hapo, na walilifanya kwa mapenzi.

Siku moja giza lilirudi likiwa zito kuliko kawaida. Mke akampeleka mumewe zahanati. Alieleza jinsi anavyolia, anavyokosa usingizi wa maana na hamu ya kula. Daktari aliuliza kama kuna wakati mumewe huwa tofauti. Mke akajibu kwa fahari kwamba siku nyingine mume wake ni mzima kuliko watu wote. Msimu hakuutaja, kwa sababu nani huenda hospitali kushtaki siku njema? Basi wakapewa dawa ya kuondoa huzuni. Mwenye kupewa nusu ya habari hutoa nusu ya tiba.

Umeme aliinuka upesi. Aliinuka upesi mno. Kaka mkubwa alifurahi, akasema msimu umewahi mwaka huu.

Haikupita muda, Umeme akaanza kuchana makochi ya wateja. Alichana ya zamani, akachana na mapya yaliyokuwa yanangoja kuchukuliwa. Alisema amegundua mtindo utakaoishangaza dunia. Kaka yake alipomzuia, alimfokea kwa maneno ambayo hakuwahi kumtamkia tangu utoto. Kisha akapanda juu ya meza ya kukatia vitambaa na kuwahutubia wapita njia. Watu walikusanyika. Safari hii hakuna jirani aliyetania. Kaka mkubwa alikaa juu ya fremu tupu, katikati ya sponji zilizochanika, akalia mbele za watu.

Walimpeleka hospitali kubwa. Alilazwa mpaka alipotulia. Ile dawa ya huzuni ilisimamishwa. Hapo ndipo familia ilipokutana na muuguzi wa afya ya akili, mama mmoja mpole mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Aliwakaribisha kwenye chumba chake kidogo. Aliwapa viti wote, hata Umeme mwenyewe, na alizungumza naye kama fundi, si kama mzigo.

"Siku zake mbaya nimezielewa," muuguzi alisema. "Sasa niambieni siku zake nzuri zikoje."

Kaka mkubwa akaeleza msimu. Alieleza vizuri, na alipofika kwenye ile kazi ya mafundi watatu alitabasamu kidogo. Muuguzi aliuliza Umeme hulala kiasi gani nyakati hizo, huongea vipi, na kama hugombana na watu. Aliuliza pia kama kuna ndugu mwingine wa namna hiyo. Wakamkumbuka mama yao mdogo. Nyumbani walimwita mama wa vituko.

"Huo msimu wenu nao ni ugonjwa," muuguzi akasema taratibu.

Kaka mkubwa alishtuka. "Dada yangu, uhodari nao ni ugonjwa?"

"Uhodari ni wa kwake, kaka. Akiwa ametulia ufundi anao, akiugua anao. Ugonjwa unamwondolea breki tu. Gari lisilo na breki huenda kasi sana, lakini hatulisifu."

Akawaeleza kwamba ugonjwa huo unaitwa baipola. Hisia za mtu hupanda kupita kiasi, kisha hushuka kupita kiasi. Katikati huwa kuna siku za kawaida. Si uchawi, si uvivu, si malezi mabaya. Mara nyingi hutembea katika ukoo, lakini si kila mwenye ndugu mgonjwa atauugua. Mtu akipewa dawa ya huzuni peke yake, bila dawa ya kutuliza hisia, anaweza kurushwa juu. Ndilo lililompata Umeme.

Mke aliinamisha kichwa. "Kumbe tulikuwa tunavuna ugonjwa wake."

"Mlikuwa hamjui, mama. Sasa mnajua."

Daktari alimwandikia Umeme lithiamu. Muuguzi alisema dawa hii si mpya, imetumika kwa miaka mingi, na bado ni miongoni mwa zile zinazotegemewa zaidi. Huzuia hisia kupanda na kushuka. Tena tafiti nyingi zinaonyesha kuwa wanaoitumia hupungukiwa na hatari ya kujiua. Mke aliposikia hivyo alimshika mumewe mkono na hakuuachia mpaka mazungumzo yalipokwisha.

Umeme alitaka kujua dawa hiyo inafanya nini kichwani. Muuguzi alifurahi kuulizwa. Alisema watafiti walichukua seli kutoka kwa watu wenye baipola, wakazikuza maabara mpaka zikageuka kuwa seli kama za ubongo. Seli hizo zilikuwa na haraka, zikisisimka kuliko za watu wengine. Zilipowekewa lithiamu, zile za watu wanaosaidiwa na dawa hiyo zilitulia. Za wale wasiosaidiwa nayo hazikutulia. Kwa hiyo watu hawafanani, na wapo wanaohitaji dawa nyingine. Utafiti bado unaendelea, na haujawa kipimo cha hospitalini.

"Kwa hiyo kuna fundi huko anayeshona ubongo," Umeme akasema. Wote wakacheka, na muuguzi akacheka kuwashinda.

Kisha aliwapa masharti. Damu ipimwe mara kwa mara, kujua dawa imefika kiasi gani mwilini, na kuangalia figo na tezi ya shingoni. Karakana yenye bati ina joto, kwa hiyo Umeme anywe maji ya kutosha, wala asiache chumvi ghafla. Mgongo ukimuuma asinunue dawa ya maumivu kiholela, maana nyingine huifanya lithiamu ijae mwilini. Akitapika, akiharisha au akiyumba, aende hospitali mara moja. Asiache dawa ghafla hata akijiona mzima. Na usingizi uheshimiwe: alale wakati uleule na kuamka wakati uleule. Mwisho akawatazama wote.

"Mtu akisema anataka kufa, msimwache peke yake na msingoje kesho. Mleteni siku hiyohiyo."

Walirudi nyumbani. Msidhani mambo yalinyooka hapo hapo. Mikono ya Umeme ilianza kutetemeka. Ilitetemeka kidogo tu, lakini kwa fundi kidogo hicho ni kikubwa. Uzi uligoma kuingia kwenye sindano. Umeme alijaribu tena, akajaribu tena, kisha akaiweka sindano mezani na kutoka nje. Alisimama ukutani akiitazama mikono yake. Bila mikono ile yeye alikuwa nani? Niseme wazi, hapo wengi huacha dawa kimyakimya, na mimi siwezi kuwalaumu.

Yeye hakuacha. Alirudi kwa muuguzi na kumwonyesha mikono. Damu ikapimwa, daktari akapunguza dozi, na baada ya muda mtetemeko ukapungua mpaka uzi ukakubali. Ninamsifu kwa kazi zake zote, lakini kwa safari ile ya kurudi hospitali ninamvulia kofia.

Karakana nayo ilibadilika. Sasa ilifungwa jua likizama, hata kama kochi limebaki upande mmoja. Mke alijifunza kuuliza swali moja kila asubuhi: umelala? Umeme mwenyewe aliwapa kibali. Aliwaambia wakimwona halali na bado ana nguvu, wampeleke hospitali hata akikataa, hata akitukana. Na muuguzi alishawaambia kwamba familia ikiujua ugonjwa na kuziona dalili mapema, mgonjwa harudii kuanguka mara kwa mara.

Kisha kazi kubwa ikaja. Ukumbi wa mikutano ulitaka viti vyake vyote vivishwe upya, na wenye ukumbi walikuwa na haraka. Karakana ilikuwa haijawahi kupata kazi kama hiyo. Kaka mkubwa aliikubali, halafu akaanza kuzunguka akipiga mluzi usio na wimbo. Mwishowe akavuta kigoda, akaketi karibu na mdogo wake.

"Mdogo wangu," alisema, "hizi dawa, huwezi kuzipumzisha kidogo? Mpaka tumalize viti tu. Halafu unaendelea nazo."

Cherehani ilinyamaza. Mke alijua kwamba jibu hili si lake.

Umeme aliendelea kuvuta kitambaa mpaka kikakaa. Alipiga pini yake, akapitisha kidole kwenye kona.

"Kaka, huyo fundi wa msimu unayemtaka hamalizi viti," akasema. "Anaanza viti. Wanaomaliza ni sisi watatu. Na safari iliyopita alipoondoka, nusura aondoke na mimi."

Kaka mkubwa akamwekea mdogo wake mkono begani, akainuka, akaenda ukumbini. Aliwaambia wenye ukumbi ukweli kwamba haraka yao haiwezekani, na akaomba muda. Walinung'unika, wakakubali. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, akawatania, nao wakacheka. Aliporudi, alimtafuta fundi mwingine wa kusaidiana naye.

Walifanya kazi mchana, wakalala usiku. Umeme alimfundisha yule fundi mpya jinsi ya kukunja kona. Viti vilitoka polepole, vikafuatana. Hakuna kilichoanzwa kikaachwa, wala kilichoshonwa kikachanwa. Wenye ukumbi walipokuja, walipapasa kona zile, wakauliza ni nani aliyezishona. Kaka mkubwa alisema ni mdogo wake, na safari hii hakutaja msimu.

Kiti cha mwisho kilipokuwa tayari, kaka mkubwa alidai kukijaribu yeye. Alikaa kwa madaha kama mgeni rasmi. Kumbe kulikuwa na pini iliyosahauliwa. Aliruka kama kuku aliyekanyaga makaa, mkono mmoja nyuma. Umeme alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka machozi yakamtoka.

Kule dirishani mkewe alikuwa anashona. Kwa miaka mingi, kila mumewe alipocheka kwa sauti, mguu wake uliganda kwenye cherehani. Alisikiliza kama kicheko kitakwisha au kitaendelea. Alijiuliza kama ndio mwanzo. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini hata furaha ya mume wake ilikuwa inamtisha.

Leo kicheko kile kilijaa karakana nzima, na mguu wake haukusimama. Alishona mpaka mwisho wa kitambaa, akakata uzi, kisha naye akacheka.