Kaseti ya Kumi ya Askari wa Msalaba

Jumapili tarehe kumi Machi 2002, saa nane kasoro dakika kumi mchana, Sebahire alifungua boksi la kaseti ya kumi mbele ya watu zaidi ya mia moja, akakuta ndani kipande cha sabuni ya kufulia. Aligeuza boksi juu chini, akaingiza vidole, kisha akaketi chini ya televisheni kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Ukumbi wake wa video ulikuwa kibanda cha mbao na mabati, pembeni ya lava iliyokuwa bado ikifuka mvuke kila mvua iliponyesha. Tangu mwisho wa Novemba ulionyesha mchezo mmoja wa televisheni, sehemu moja kila Jumapili: habari za Wotari, askari wa msalaba aliyetoka Ulaya miaka mia nane iliyopita kwenda kuiteka Yerusalemu, akampenda binti wa adui zake. Kaka yake Sebahire alikuwa amemtumia kaseti zote kumi kutoka Ubelgiji. Volkano ilipolipuka Januari na mji wa Goma ukakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Sebahire aliacha godoro, akabeba kaseti. Ukumbi ulipofunguliwa tena mwanzoni mwa Machi, hata waliopoteza nyumba walikuja. Kwa saa moja walihangaikia mji wa watu wengine.

Safu ya mbele aliketi komanda wa waasi waliokuwa wameushika mji. Hakupandisha sauti. Alisema kwamba kaseti isipoonekana kufika saa kumi, ukumbi utafungwa, na mwizi atalala kashoni, kwenye jela la askari. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Muzee Grégoire, mwalimu mstaafu aliyezoea kuupinga mchezo huo.

Hapo ndipo Mama Nsimire alipoinuka. Alikuwa karani wa mahakama kwa miaka ishirini na sita, Bukavu kisha Goma, na alikuwa ameandika uongo wa watu wengi kiasi cha kuujua kabla haujatoka mdomoni. Alimwomba komanda amwachie kazi ya kumtafuta mwizi mpaka saa kumi. Komanda, ambaye naye alitaka kujua mwisho wa Wotari, alikubali.

Alianza na Sebahire. Kaseti, alisema Sebahire, aliiona kwa macho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akaifuta vumbi, akafunga kufuli, akaenda misa ya saa moja. Mwisho wa misa alisimama kwenye matangazo, akawaalika watu wote, akisema kwamba leo atakaa safu ya mbele Padre Émile, Mbelgiji aliyefika jana kutoka Bukavu, kwa kuwa mchezo huu ni wa kwao. Kufuli halikuvunjwa. Ufunguo hulala chini ya jiwe mlangoni, na jiwe hilo mtaa mzima unalijua.

Aliyefuata alikuwa Mukagasana, muuza mandazi wa mlangoni, maana anauza pia sabuni, na wiki nzima alikuwa akilalamika kwamba mchezo ukiisha, wateja wataisha nao. Mama Nsimire aliweka kile kipande cha sabuni kando ya vipande vyake. Vya Mukagasana vilikatwa kwa uzi, laini pande zote. Hiki kilichongwa kwa kisu, kikachongwa tena mpaka kikaenea kwenye boksi. Halafu boksi lenyewe halikuwa na hata alama moja ya mafuta, na Mukagasana hakuwahi kushika kitu bila kukiachia mafuta.

“Misani ulikaa wapi?” Mama Nsimire alimuuliza.

“Nyuma ya Fortunat, yule mwenye kututafsiria mchezo. Aliimba mpaka masikio iliniuma. Halafu akatoka mbio, matangazo haijaisha.”

Muzee Grégoire alikuja na kaye yake, daftari la shule, chini ya kwapa. Alikuwa amefundisha historia miaka thelathini na moja, na kila Jumapili alisimama katikati ya mchezo kuupinga. Jumapili iliyopita alisema mbele ya wote kwamba kaseti hizi zinastahili moto. Hakukana. Alifungua kaye na kusoma makosa kama hati ya mashitaka. Sehemu ya pili, Wotari anakula viazi, na viazi havijatoka bado Amerika. Sehemu ya tano, jeshi la msalaba linasimamishwa kwenye barriere ya Bunagana, mpakani kwetu na Uganda, linatozwa ushuru wa farasi. Sehemu ya saba, Sultani anapiga simu.

“Simu hiyo uliiona, muzee?”

Mzee alifikiri. “Kuiona, hapana. Niliona Sultani anajikuna sikio. Fortunat ndiye alisema ni simu.”

“Na viazi?”

“Niliona bakuli.”

Akaongeza kwamba siku moja aliomba sauti ya televisheni ipandishwe, asikie mwenyewe. Fortunat alikataa, akasema sauti inakula mafuta ya jenereta. Kuhusu asubuhi hii, tangu misa hadi saa sita alikuwa na makatekista, na walikuwepo ukumbini kumshuhudia.

Fortunat alikuja wa mwisho, shingo imezungushiwa skafu. Alionyesha koo, akatikisa kichwa. Kwa ishara na kwa kalamu alieleza kwamba sauti ilimpotea tangu jana jioni, na kwamba hata kaseti ingekuwepo, leo asingeweza kutafsiri. Mama Nsimire alimpa pole, akamwacha aende kuketi.

Kisha akachukua lile boksi. Mgongoni paliandikwa “Aflevering 10” na mistari mitatu midogo. Muzee Grégoire, anayesoma Kifaransa kuliko Wafaransa wenyewe, aliligeuza huku na huku asielewe neno. Padre Émile aliisoma mara moja, akitabasamu. Kilikuwa Kiflamandi, lugha ya Wabelgiji wasiosema Kifaransa, na lugha ya mama yake.

Saa kumi kasoro dakika ishirini, komanda, akiona muda unakwisha na ushahidi wa makatekista unaishia saa sita, aliita askari wawili na kumwonyesha Muzee Grégoire. Mzee alisimama, akafunga vifungo vya koti lake. Mama Nsimire akaomba swali moja tu mbele ya wote.

“Papa Fortunat, unajua Kiflamandi?”

Fortunat alitazama chini.

Mama Nsimire aliendelea bila haraka. Sauti haili mafuta, alisema. Ilizimwa ili watu wasisikie lugha. Mtu aliyepotewa na sauti jana jioni aliimba leo misani, akatoka mbio aliposikia kwamba Mbelgiji atakaa safu ya mbele, mtu ambaye angeelewa kila neno. Na makosa yote ya kaye, Muzee Grégoire aliyasikia tu, hakuyaona.

“Muzee muache,” Fortunat alisema, na sauti yake ilikuwa safi kabisa. “Ni mimi.”

Alieleza kwamba Novemba hakuwa na kazi. Sebahire alimuuliza kama anajua lugha ya Wabelgiji, akajibu ndiyo, akifikiri ni Kifaransa. Siku ya kwanza watu walikuwa wamekwisha kujaa alipogundua. Akaanza kutazama sura za watu kwenye televisheni na kubuni maneno yanayofanana nazo.

“Na kaseti?”

“Iko ndani ya ngoma ya kwaya. Nilitaka kuichoma, mama, nikashindwa. Mimi pia sijui inaisha namna gani.”

Ililetwa saa kumi na dakika tano, na komanda alijifanya hana saa. Padre Émile alitafsiri kwa uaminifu, sauti imepandishwa. Wotari hakuingia Yerusalemu. Alilala wiki tatu hemani nje ya ukuta, akafa kwa kuhara, na binti hakuwahi kujulishwa. Muzee Grégoire alikuwa amejaa furaha. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, aliwaambia, ugonjwa uliua wengi kuliko upanga, na mchezo huu ni sahihi toka mwanzo hadi mwisho.

Hakuna aliyepiga makofi. Kisha Umurerwa, mjane ambaye nyumba yake iko chini ya lava, alisema kutoka nyuma, “Padre, aksanti sana. Sasa murudishe kaseti nyuma. Fortunat atuambie.”

Komanda aligeuka kuwatazama. Hakuna aliyeinuka. Akavua kofia, akawaambia askari waliokuwa tayari kumchukua Fortunat wakae.

Fortunat alimwangalia Muzee Grégoire kama anayeomba ruhusa. Mzee alisita kidogo, kisha akafunga kaye yake na kuikalia. Sauti ikashushwa. Wotari akaonekana tena kitandani, amefumba macho, na Fortunat akawaeleza kwa upole kwamba kijana amechoka na safari tu, anapumzika, kwa sababu kesho ni harusi. Mama Nsimire, aliyetoka kuthibitisha kwamba mtu huyu hajui neno hata moja, alitafuta kitambaa kwenye mkoba wake, akakikuta, akalia kama wengine.