Shokapu za Watu Wawili

Soko la Mwanakwerekwe siku ya Jumamosi halina adabu. Muuza vitunguu anamkanyaga muuza mitumba, muuza mitumba anamsukuma mnunuzi, na katikati yao inapita mikokoteni isiyomwomba mtu njia. Katika zogo hilo pikipiki moja nyeusi, ndefu, ya kruza, yenye kiti cha chini na usukani ulioinuka, iliingia shimoni mbele ya duka la vipuri la Mzee Mkadam ikatoa mlio wa chuma kugonga chuma. Watu waligeuka. Nadra, binti wa Mzee Mkadam, alikuwa nyuma ya kaunta akipanga plagi, na hakuhitaji kugeuka.

"Shokapu za nyuma zimekufa hizo," alisema kwa sauti.

Mwenye pikipiki akasikia. Akashuka, kijana mrefu, helmeti kwapani, shati jeupe limemganda mgongoni kwa jasho, na vumbi la njia limempaka nyusi kama mtu aliyechungulia pipa la unga.

"Assalam alaykum. Hujaiona, ushaihukumu?"

"Waalaykumu salaam. Mimi huzisikia. Ilete kivulini."

Tangu miguu ya Mzee Mkadam ilipokataa kumbeba, miaka mitano sasa, duka lilikuwa mikononi mwa Nadra. Mafundi walimjaribu mwaka wa kwanza, mwaka wa pili wakawa wanakuja kumuuliza. Mikono ya abaya yake aliifunga kwa mipira, mtandio wake ulikuwa wa zambarau, naye alinukia udi na grisi kwa pamoja. Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye shokapu, kikatoka na mafuta meusi.

"Zinavuja. Springi nayo imelala, haina nguvu tena."

"Basi nipe zile." Kijana alionesha jozi fupi iliyoning'inia ukutani, inang'aa kama kioo. "Zitailaza chini, ipendeze."

"Zile za kupigia picha. Unakaa wapi?"

"Matemwe. Jina langu Usi."

"Sikukuuliza jina," alisema Nadra, lakini alitabasamu. "Kwa zile utagonga kila tuta mpaka Matemwe. Una kilo ngapi?"

"Kumbe mnapima na watu?"

"Springi haichaguliwi kwa macho, inachaguliwa kwa mzigo. Kilo?"

"Themanini."

"Unapanda peke yako au mnapanda wawili?"

"Wawili. Nyuma nampakia bibi."

Kalamu ya Nadra ilisita. Mungu amsamehe, alikuwa ameshaanza kuzihesabu kope za mteja.

"Bibi ana kilo ngapi?"

"Mwepesi. Arubaini na tano hazifiki. Anakaa upande, kama mnavyokaa nyinyi. Ila mgongo unamuuma, nikiingia shimo analia. Na gari hataki hata kulisikia, linamtapisha."

Nadra akaelewa, au akadhani ameelewa. "Mwezi wa ngapi huu?"

"Wa sita. Kila Jumatatu namleta hospitali."

"Mwenyezi Mungu amsalimishe."

"Amin," alisema Usi, na ilitoka moyoni.

Nadra alipima kwa tepu kutoka tundu la juu mpaka la chini: inchi kumi na mbili. Angeweza kumuuzia ndefu zaidi, nazo zingekuwa laini zaidi, lakini kiti kingepanda na bibi angepata tabu kukwea. Akachagua jozi ya kimo kilekile, springi yake imeachana juu na kubanana chini, ili ilegee kwenye kokoto na ikaze kwenye shimo. Chini ya springi palikuwa na pete yenye ngazi tano, ya kukazia au kulegezea. Akaizungusha kwa spana ya ndoana mpaka ngazi ya nne.

"Hii ya watu wawili. Siku ukipanda peke yako, irudishe ya kwanza."

"Siku hiyo isifike," alisema Usi.

Nadra alimwonea wivu mwanamke huyo asiyemjua, wivu wa kweli kweli, akajionea haya.

Jumatatu simu ikalia.

"Naam."

"Bi Nadra, Usi hapa. Bibi anakusalimia. Kasema njia nzima hakulia hata mara moja. Anakuita fundi wangu."

"Mwambie nimezipokea. Na mgongo?"

"Umetulia. Wangu ndio unauma sasa, kwa kuangalia nyuma kama duka lako bado lipo."

"Wewe bwana, una wazimu."

Alikata simu, akaishika kifuani. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi. Usi alikuwa fundi umeme wa hoteli huko Matemwe, na kila jioni akitoka kazini alipiga. Kwanza ilikuwa nati inalia, mara pete imelegea, mara hakuna hata kisingizio. Nadra alijiambia kuwa anamhudumia mteja. Kila mara alianza yeye, makusudi, kama mtu anayejifinya asisinzie: "Bibi hajambo?" Na kila mara Usi alifurahi kwa swali lile hata sauti ikambadilika. "Hajambo, roho yangu. Wewe una moyo mzuri sana."

"Na bibi anajua kuwa unaniita roho yako?"

"Anajua. Anacheka."

Mwanamme gani huyu, Nadra aliwaza, na mkewe ni mwanamke gani? Lakini simu ikichelewa, chakula kilimshinda.

Jumatatu ya saba akakubali kukutana naye Forodhani, alasiri, wauzaji ndio kwanza wanatandika meza zao. Nadra alivaa abaya mpya yenye nakshi ya fedha mikononi. Usi alikuwa na kofia ya viua na shati lililopigwa pasi mpaka likasimama. Alinunua juisi ya miwa glasi mbili, akaisahau yake mkononi.

"Nimemwacha bibi kwa ndugu yake Malindi, apumzike. Nadra, nimemwambia habari zako zote. Kacheka mpaka kapaliwa. Kasema nikulete akuone. Tena kasema chumba cha uani ni chako, nikipake rangi mapema."

Nadra aliweka glasi chini. "Yaani nikae naye nyumba moja?"

"Sasa nimpeleke wapi? Siwezi kumwacha. Hana mwengine ila mimi."

"Na mwenyewe karidhia?"

"Yeye ndiye anayenihimiza!"

Hapo ni lazima msomaji aijue nyumba ya Mzee Mkadam. Mlikuwa na bibi mkubwa na bibi mdogo, hivyo ndivyo mzee alivyowaita wake zake, na Nadra akilisikia neno hilo maana nyengine haikumjia. Mama yake baba na mama yake mama wote walikufa yeye hajazaliwa. Bibi mkubwa alikuwa mama yake. Naye aliridhia, watu wote walimsifu kwa kuridhia, na Nadra akiwa mdogo alimkuta mara nyingi jikoni akikatakata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji, apate kisingizio cha machozi.

"Nisikilize, Usi. Mimi na bibi yako hatutakaa nyumba moja. Si mwezi, si siku. Chagua."

Usi alimtazama kama aliyemwagiwa maji. "Bibi hajakukosea kitu."

"Hajanikosea. Na mimi sitaki kumkosea."

"Sikukudhania hivi, Nadra." Aliitua glasi yake mezani. "Hilo usinichaguze. Nshachagua kabla sijakuona."

Aliondoka na kuiacha glasi yake imejaa. Alipiga simu mara tatu wiki ile, Nadra hakupokea. Baada ya hapo hakupiga tena.

Posa ya Hamid ilikuja mwezi uliofuata. Alikuwa mwalimu, mpole, mtoto wa rafiki wa baba. Nadra aliuliza swali moja tu: "Ana mke?" Akaambiwa hana. Akasema basi sawa, akaingia chumbani kwake, akalia hata mto ukalowa.

Wiki tatu baada ya nikaha alikuwa dukani, baba bado anamhitaji, hina imeanza kupauka vidoleni, aliposikia mngurumo anaoujua. Mara hii hakukuwa na chuma kilichogonga chuma. Usi aliingia amekonda, ndevu hazijachongwa.

"Assalam alaykum, Bi Nadra. Sikuja kukusumbua. Spana ya ndoana sina. Nataka urudishe pete ngazi ya kwanza."

Nadra aliuliza lile aliloliogopa. "Umemwacha?"

"Nimemzika. Jumapili ilikuwa arubaini yake."

"Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun! Na mtoto?"

"Mtoto gani?"

"Mtoto, Usi. Mkeo si alikuwa mjamzito?"

"Mke gani, Nadra? Bibi. Bibi yangu Kidawa, mama yake mama. Alikuwa na miaka themanini na mbili. Ndiye aliyenilea."

"Ulisema mwezi wa sita."

"Tangu alipoteleza kisimani, ndio ilikuwa miezi sita."

Nje muuza nyanya alikuwa akinadi kwa sauti yote. Nadra alishika kaunta kwa mikono miwili.

"Nilidhani unataka kunioa mke wa pili," alisema.

"Na mimi nilidhani unataka nimtupe mzee wangu." Usi alifumba macho. "Mpaka siku ya mwisho ananiuliza, fundi wangu yuko wapi. Nikamwambia ana kazi nyingi."

Akapiga hatua moja mbele, akataka kusema, uso umeanza kufunguka. Ndipo alipoiona mikono ya Nadra juu ya kaunta. Aliiangalia hina ile, kucha mpaka kifundo cha mkono, akaielewa bila kuambiwa.

"Lini?"

"Ijumaa tatu zilizopita." Machozi yalimshuka na hakuyafuta. "Ni mtu mwema, Usi. Hana kosa lolote."

"Basi Mungu akubarikie naye," alisema Usi, na alilisema kwa tabu.

Nadra alichukua spana na tepu, akatoka juani, akachuchumaa nyuma ya pikipiki. Alirudisha pete ngazi moja moja, upande huu na upande ule, nne, tatu, mbili, moja, na kila ngazi ilitoa mlio mdogo.

"Kaa."

Usi akakaa. Kiti kikashuka, kikasimama pale kinapotakiwa kusimama. Nadra akapima.

"Iko sawa," alisema. "Ya mtu mmoja."

"Ahsante, fundi."

Akavaa helmeti, akapita kati ya mikokoteni mpaka akafichwa na watu. Hakurudi tena. Nadra na Hamid wanaishi kwa masikilizano, na duka lipo palepale. Mafundi wanasema Nadra ana tabia moja ya ajabu. Mteja akimwambia kuwa nyuma anampakia bibi, huweka kalamu chini, akamtazama, na kabla ya kuuliza kilo huuliza kwanza: "Bibi yupi?"