Vitambaa Vyekundu kwenye Bamia

Anifa, mama Ashraf, hakuwa mtu wa kumwamini jirani. Kila asubuhi alisimama kwenye bustani yake ya bamia pale Mnyambe, kisha akatupa jicho ng'ambo ya njia, kwa Dominika.

Bamia za Anifa zilikuwa ndefu, zimejaa majani, lakini ndiyo kwanza zinaanza maua. Mvua nazo zilikuwa zinaaga. Mwaka jana bamia zilikauka kabla ya kuzaa vya kutosha, na mwaka juzi vivyo hivyo. Mbegu hiyo aliachiwa na marehemu mama yake. Ikishindwa tena, hana nyingine.

Kwa Dominika walikuwa wameshachuma na kula.

"Udongo ule ule, mvua ile ile," Anifa alimwambia mumewe, Hamudi. "Yule mama ana lake jambo."

Siku moja akaona kitu kilichomshtua. Baadhi ya miche ya Dominika ilikuwa imefungwa vitambaa vyekundu, na bamia zake zimeachwa mpaka zimekauka.

"Nilijua!" akasema moyoni. "Chuma ulete hii. Mavuno yangu yanavutwa."

Asubuhi iliyofuata alivuka njia, akaanza kufungua kitambaa kimoja.

"Mama Ashraf, unaifanya nini mbegu yangu?"

Dominika alikuwa nyuma yake, ndoo ya maji kichwani.

"Shi... shikamoo, mama."

"Marahaba. Toa mkono hapo."

"Niambie kweli, mama. Hii si dawa?"

Dominika akatua ndoo, akacheka mpaka akajishika kiuno. "Dawa ya nini? Hiyo ni alama. Mche wenye kitambaa hauchumwi, ni wa mbegu. Kwani wewe mbegu unatoa wapi?"

"Tunachuma, tunakula. Zinazobaki mwisho wa msimu ndizo za mbegu. Mama alifanya hivyo."

"Enzi zake mvua zilikuwa ndefu. Sasa fikiri, zinazobaki mwisho ni za mche gani? Ni za mche uliochelewa. Na mtoto wa nyoka ni nyoka. Unaowahi unaula, unaochelewa unaupanda!"

Anifa hakukubali haraka. "Yako ni mbegu nyingine, mama."

"Nyingine? Alinipa mama yako kwa mkono wake."

Dominika akamshika mkono, wakapita kati ya miche.

"Mbegu moja, lakini watoto hawafanani. Huu ni mrefu, bamia zake kubwa, ila chache. Huu mfupi ulitoa maua mapema, tazama ulivyojaa. Zamani nilichagua bamia kubwa kuliko zote. Bwana shamba akatuambia tusitazame bamia moja, tutazame mche mzima. Huku kwetu mvua ni fupi. Mche unaowahi maua ndio unaopata muda wa kuzaa."

"Basi nichague ule mmoja bora."

"Mmoja hapana. Chagua kadhaa mizuri. Ukija ugonjwa, huenda mingine ikapona."

Anifa alirudi kwake, shaka ikiwa haijamtoka yote. Hata hivyo alifunga vitambaa kwenye miche yake michache iliyotangulia kutoa maua.

"Bamia nzuri namna hii huzichumi?" Hamudi aliuliza kwa ukali. "Unamwekea nani?"

"Namwekea mwakani, baba Ashraf."

Hamudi hakuamini. Kila akipita bustanini, alizikagua kama askari.

Msimu uliofuata Anifa alipanda mbegu hiyo. Mvua ikakatika mapema, lakini bamia nyingi zilikuwa zimeshazaa. Si zote ziliwahi. Zilizochelewa alizipika mlenda bila huruma. Nyumba ikala mboga, na nyingine zikaanikwa.

Alijaza bakuli, akavuka njia.

"Shikamoo, mama. Nimekuletea. Na unisamehe, nilikudhania ubaya."

"Marahaba, mwanangu. Nilitaka kukuambia tangu mwaka juzi," Dominika alisema akipokea bakuli. "Lakini kila nilipokuja, ulikuwa unafunga mlango."

Anifa akainamisha kichwa. Aibu ilimshika. Misimu miwili aliilia njaa aliyojiletea mwenyewe, na jibu lilikuwa limesimama mlangoni likibisha hodi.