Bomba Lipo, Maji Hayapo

Kila asubuhi Laker aliweka jerikani yake mbele ya bomba, nyuma ya nyumba za polisi karibu na Nakawa. Bomba lilikuwa kavu kwa mwezi wa pili sasa. Hata hivyo aliketi juu ya jerikani, akafumba macho na kuota. Aliona nchi kama akina mama wanaopanda kilima katika ukungu, kila mmoja na jerikani kichwani. Mama Uganda alikwenda polepole, Mama Kenya karibu naye.

Akiamka, aliteka maji machafu ya bondeni. Binti yake Lakica alikuwa ameugua kuhara mara tatu mwezi huo. Laker aliogopa kumpoteza.

Siku moja akaja Alal, mkusanya takwimu.

"Mnapata maji safi?" aliuliza.

Oola, mume wa Laker, alisimama wima. Ni polisi. Hata paa likimvujia puani, ataripoti kwamba hali ni shwari.

"Maji iko, madam. Bomba ile pale."

"Baba Lakica!" Laker alikasirika. "Bomba iko, maji hakuna. Mtoto anakunywa nini?"

"Unataka Wakenya watucheke? Hizi namba wanalinganisha nchi na nchi."

"Kweli, afande," Alal alisema. "Nchi zilikubaliana malengo kumi na saba ya maendeleo. La sita ni maji safi na vyoo. Kila nchi inapimwa imefika wapi. Lakini ukisema maji iko, Uganda inapanda kwenye karatasi tu. Nani ataleta fundi hapa?"

Laker alimwona tena Mama Uganda kilimani. Jerikani yake ilikuwa tupu.

Oola alimtazama Lakica aliyelala mkekani, midomo imemkauka.

"Andika hakuna," alisema polepole. "Miezi miwili."

"Nimeandika. Mtoto mpeleke zahanati leo. Na maji ya bondeni mchemshe mpaka itokote."

Oola mwenyewe alimbeba. Lakica akapona. Nyumba za jirani nazo zilisema kweli, na baadaye mafundi wakaja kubadilisha mabomba.

Mwaka uliofuata Alal alirudi. Oola akasimama wima tena. Laker aliogopa atasema yale yale.

"Maji inatoka siku tano kwa wiki," Oola aliripoti. "Siku mbili hakuna. Andika zote saba, madam."

Laker alifumba macho. Mama Uganda alikuwa bado mbali na kilele, lakini shingo yake ilikazika kwa uzito wa jerikani, na maji yalikuwa yakimchuruzika mabegani.