Gari Ambalo Mkaguzi Alikataa Kulikagua

"Helmeti hiyo ya pikipiki hutaruhusiwa kuingia nayo uwanja wa mbio za magari, mwoka keki."

Binti aligeuka. Duka la vifaa vya magari lilikuwa limefurika, na aliyesema ni kijana mrefu, ovaroli ya buluu, kitambulisho cha mkaguzi wa magari wa uwanja shingoni.

"Umejuaje naoka?"

"Una unga sikioni."

Akajifuta, akacheka. "Basi nielekeze. Nataka kuendesha gari langu uwanjani siku ile ya madereva wa kawaida."

"Leseni yako ya barabarani inatosha, ila getini unakata na ya siku moja. Kuna ada ya uwanja. Kuna bima ya siku, maana ile ya barabarani ukigonga ukuta wa uwanja haikujui. Bado breki, na matairi yanaliwa."

"Na mimi nilidhani ni petroli tu."

Kabla hawajafika kwa keshia walishapeana namba. Simu zikawa asubuhi na jioni, binti akiitwa Keki, kijana akiitwa Mkaguzi wangu. Walipendana, jamani, mpaka wakawa wanakera. Oveni mpya ya Keki ikaahirishwa, pesa zikaenda uwanjani, na ada ikishalipwa hairudi. Hakujali. Tangu utotoni alitamani kukanyaga mafuta mpaka mwisho, hata mara moja.

Siku ikafika. Keki alivaa jinzi na blauzi ya njano ya mikono mirefu, kama kanuni zinavyotaka, akapanga foleni ya ukaguzi. Mkaguzi alilitazama gari, akamtazama yeye, akashusha tochi.

"Gari hili silikagui."

"Unasemaje?"

"Nisubiri, mpenzi." Akaondoka mbio.

Bila stika ya ukaguzi huingii, na lango lilikuwa karibu kufungwa. Keki akampigia, simu haikupokelewa. Akampigia dada yake.

"Dada, kanifanyia kusudi. Jana alisema anaogopa nitaumia, leo kanikatalia mbele za watu."

"Achana naye, urudi nyumbani."

"Sirudi. Na yeye simtaki tena." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa blauzi.

Mkaguzi akarudi akihema, nyuma yake mkuu wa wakaguzi, mama mnene wa miwani.

"Pole, mwanangu," mama alisema. "Hapa hatukagui gari la ndugu, mke wala mchumba. Mapenzi yanapitisha breki mbovu."

"Mimi si mchumba wake. Hajanichumbia."

Mama akamgeukia kijana. "Wewe umeniambia mchumba."

Jasho lilimtoka kijana wa watu. "Nilitaka kumwomba leo, akimaliza mzunguko wa mwisho. Lakini ningekagua na kunyamaza ningekuwa nadanganya. Keki, naogopa kweli utaumia, ndiyo maana nataka mwingine aangalie breki zako vizuri. Nakupenda. Nataka nikuoe."

Foleni ikaanza kupiga honi.

"Amua, binti," mama alisema. "Kama si mchumba wako, akague yeye. Kama ni mchumba, nikague mimi. Lango linafungwa."

Keki alimtazama yule mrefu, ovaroli imelowa mgongoni. Hasira zote zikayeyuka. Akampa mama ufunguo.

"Kagua wewe, mama."

Kijana akakaa chini palepale kwenye lami. Stika ikabandikwa, Keki akapita kabla lango halijafungwa, akakanyaga mafuta mpaka mwisho.