Nesi Asiyesema

Nesi wa wodi ya wazee alipewa jina la utani, Kasuku. Akifunga kidonda, anasimulia. Akitandika kitanda, anatania. Wagonjwa walimpenda.

Mwezi ule wenzake wawili walikuwa likizo ya uzazi. Kasuku akashika zamu zao pia. Wiki tatu zikapita bila siku ya mapumziko.

Asubuhi moja alimpelekea bibi wa kitanda cha dirishani beseni la maji ya kuoga.

"Mbona nimeshaogeshwa?" bibi akauliza.

"Na nani, bibi?"

"Na mwenzako anayefanana nawe. Yule asiyesema."

Kasuku akacheka. Kisha akamgusa bibi nywele. Zilikuwa zimelowa. Na wodini hapakuwa na nesi mwingine.

Kesho yake mzee mmoja alimnong'oneza, "Pacha wako alisimama hapa. Nilimsalimu, hakuitika. Alinitazama kama anatazama ukuta."

Kasuku akageuka, akatazama nyuma yake.

Saa sita mchana aliandaa sindano ya sukari ya bibi. Bibi akavuta mkono.

"Hapana, mjukuu wangu. Yule ameshanichoma."

Kasuku akafungua faili. Sindano ilikuwa imeandikwa, saa tano na nusu. Mwandiko ulikuwa wake. Saini ilikuwa yake. Lakini hakukumbuka lolote. Dozi ya pili ingeweza kumuua bibi.

Alikwenda kwa muuguzi mkuu na faili mkononi. "Mama, kuna mtu anafanya kazi yangu. Au nimerogwa."

Muuguzi mkuu akamkalisha. "Jana umelala kwa muda gani?"

"Kwa saa tatu tu."

"Na juzi?"

Kasuku akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Hujarogwa, mwanangu. Ubongo uliochoka sana husinzia macho yakiwa wazi. Mikono huendelea na kazi iliyoizoea. Baadaye mwenyewe hukumbuki. Huyo asiyesema ni wewe."

"Nikipumzika, wagonjwa nitamwachia nani?"

"Hilo ni swali langu, si lako. Nami nilikosea kukubebesha zamu zote. Anayemlea mgonjwa naye ana mwili. Usingizi ni sehemu ya kazi yetu, kama kunawa mikono."

Akamwita nesi wa wodi ya pili aje kumpima bibi sukari. Ilikuwa salama. Kasuku akapewa siku tatu za kulala. Ratiba ikaandikwa upya: hakuna tena zamu mbili mfululizo, na kila nesi ana siku yake ya mapumziko kila wiki. Tangu hapo hakuna mgonjwa aliyemwona yule pacha.

Siku moja ya mapumziko, jirani alibisha hodi. Mume wa Kasuku, fundi cherehani, akatoka na futi shingoni.

"Nesi yupo? Anipime presha."

"Amelala."

"Si umwamshe tu, dakika moja?"

"Ungekuwa umezidiwa, ningemwamsha. Kwa kupima presha, zahanati iko wazi mpaka saa kumi."

Jirani alitaka kubishana. Mara akasikia mkoromo mzito kutoka chumbani.

"Kumbe naye huchoka," akasema kwa sauti ya chini. Akafunga mlango taratibu, usilie.